Nyimbo zipi za bendi za roki za Japani za zamani zinaweza kuimbwa kwa Kiswahili bila kuharibika?

Mpiga Besi wa Nzuguni ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Sisi ni vijana wanne wa hapa Dodoma, na kila Jumamosi mchana tunafanya mazoezi katika stoo ya mjomba wangu huko Nzuguni. Tuna gitaa la solo, gitaa la rithimu, gitaa la besi, na drams ambazo ngozi yake moja tumeiziba kwa solotepu. Tumechoka kupiga nyimbo zilezile za harusini, kwa hiyo tumeamua kuandaa onyesho la nusu saa ambalo halitakuwa na wimbo hata mmoja wa Kiingereza.

Mpiga solo wetu alianza kupenda muziki wa Japani kupitia katuni, na ndiye aliyependekeza tuchukue nyimbo za bendi za roki za nchi hiyo za miaka ya 1970 hadi 1990, nyingine tuziimbe kama zilivyo na nyingine tuzitafutie maneno ya Kiswahili. Mwanzoni nilidhani ni utani. Kilichonibadilisha mawazo ni kwamba aliposimama kuimba kwa Kijapani, lugha ambayo hajui maana ya hata neno moja, matamshi yake yalitoka safi kuliko anapoimba Kiingereza alichosoma tangu shule ya msingi.

Nina maswali mawili. La kwanza, ni nyimbo zipi za enzi hizo ambazo Wajapani wenyewe bado wanazikumbuka, na kwa sababu gani? Orodha za mtandaoni nimezisoma nyingi, na kila moja inataja majina hamsini bila kueleza chochote. La pili, nilipojaribu kupachika maneno ya Kiswahili katika wimbo wa roki nilikwama, kwa sababu maneno yetu ni marefu na hayakubali kukatwa. "Ninakupenda" lina silabi tano, na Mwingereza anamaliza shughuli hiyo kwa silabi tatu. Wajapani nao wana maneno marefu. Wao walifanyaje?

Mzee wa Santuri, Area C amejibu:

Marahaba, mwanangu. Swali lako la pili ndilo lililowagombanisha wanamuziki wa Japani zaidi ya miaka 50 iliyopita, kwa hiyo nitaanza nalo, na la kwanza litajijibu njiani.

Beatles walipopiga katika ukumbi wa Nippon Budokan jijini Tokyo mwaka 1966, vijana wa Japani walikuwa tayari wameshika magitaa ya umeme, na miaka iliyofuata zikafurika bendi za mtindo waliouita "Group Sounds". Ziliimba Kijapani, ndiyo, lakini nyingi ya nyimbo zao kubwa zilikuwa karibu sana na nyimbo za mapenzi za kawaida, zenye vinanda na huzuni tamu. "Blue Chateau" ya Jackey Yoshikawa and His Blue Comets, ya mwaka 1967, ndiyo mfano wake mzuri, nayo ilipata Tuzo ya Rekodi ya Japani mwaka huohuo. Ni wimbo wa kupendeza, ila sikushauri uupeleke jukwaani, kwa sababu bila vinanda unabaki mifupa.

Ugomvi wenyewe ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Upande mmoja alikuwapo mwimbaji Yuya Uchida, aliyeshikilia kwamba roki ni muziki wa Kiingereza, kwamba Kijapani hakikai vizuri juu ya mapigo yake, na kwamba anayetaka kusikika duniani aimbe kwa lugha ambayo dunia inaielewa. Hakuishia kwenye maneno, maana yeye ndiye aliyeisimamia Flower Travellin' Band, ambayo ilikwenda kutafuta riziki Kanada na mwaka 1971 ikatoa albamu ya "Satori", yenye gitaa zito lililochanganywa na milio ya Mashariki. Upande wa pili walikuwa vijana wanne wa bendi ya Happy End: Haruomi Hosono, Eiichi Ohtaki, Shigeru Suzuki, na Takashi Matsumoto, ambaye alikuwa mpiga drams na wakati huohuo mtunzi wa mashairi yao. Hao waliamua kuimba roki kwa lugha waliyonyonya kwa mama zao, Kijapani.

Mwaka huohuo wa 1971 Happy End walitoa albamu ya "Kazemachi Roman", na ndani yake kuna wimbo ninaotaka muuanze nao, "Kaze wo Atsumete", yaani kukusanya upepo. Anauimba Hosono kwa sauti nzito ya chini, isiyo na haraka, kama mtu anayezungumza kibarazani. Msimuliaji anatembea katika vichochoro vya pembezoni mwa mji, na kupitia ukungu wa asubuhi anaona tramu ikivuka bahari. Mji huo haupo. Matsumoto alikuwa akiikumbuka Tokyo ya utoto wake, ile ambayo matayarisho ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964 yaliibomoa ili kupisha barabara kuu, akaijenga upya kwa maneno na kuipa jina la mji wa upepo. Sisi tuliozaliwa Dodoma kabla ya magorofa haya, tuliokuwa tukivuka kwa miguu mahali ambapo leo ni njia nne, tunauelewa wimbo huo bila mkalimani. Na kuhusu upepo sina haja ya kukueleza wewe wa Nzuguni.

Sasa angalia ufundi wake. Matsumoto hakuchagua maneno ya ukali. Alitumia Kijapani cha adabu, kile cha kuzungumza na mtu usiyemzoea, jambo ambalo halikutarajiwa kabisa kwenye roki. Waimbaji nao walivuta irabu na kukata neno mahali pasipotarajiwa ili likae juu ya pigo, badala ya kulifupisha. Neno refu halikuwa tatizo tena.

Baada ya hapo njia zilikuwa nyingi. Bendi ya Carol, aliyokuwamo Eikichi Yazawa, ilichanganya Kijapani na Kiingereza bila kuomba radhi, kama katika "Funky Monkey Baby" ya mwaka 1973. Southern All Stars walipotokea mwaka 1978 na "Katte ni Sinbad", Keisuke Kuwata aliimba Kijapani kwa kukipinda kinywani hadi kikasikika kama Kiingereza, na mwaka uliofuata akatoa "Itoshi no Ellie", wimbo wa taratibu ambao Ray Charles aliuimba kwa Kiingereza mwaka 1989. Fikiria safari hiyo: waliambiwa lugha yao haifai, kisha gwiji wa Marekani akaja kuazima wimbo kwao.

Haya sikuyapata kwenye mtandao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na mwalimu wetu wa hisabati alikuwa kijana wa kujitolea kutoka Japani. Jioni alikuwa akitupigia kaseti kwenye redio ya betri, na alipokuwa akiondoka aliniachia moja. Hisabati nimesahau.

Dada wa Makole amejibu:

Ninamheshimu Mzee, lakini naona anaipa lugha uzito kuliko inavyostahili. Wimbo ambao Wajapani wengi huuimba kwa pamoja huku wakilia ni "Endless Rain" ya bendi ya X, iliyojulikana baadaye kama X Japan, nao ulitoka mwaka 1989. Beti zake zimechanganya Kijapani na Kiingereza, na kiitikio chake kwa sehemu kubwa ni cha Kiingereza, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba umekosa utaifa. Kinachoubeba ni piano ya Yoshiki, ambaye ndiye huyohuyo anayepiga drams kwa kasi ya kutisha katika "Kurenai" ya mwaka huohuo. Bendi ilivunjika kwa onyesho la mwisho la tarehe 31 Desemba 1997, na miezi michache baadaye, Mei 1998, mpiga gitaa wao, aliyejulikana kwa jina la hide, alifariki dunia. Tangu hapo kila anayeusikia wimbo ule wa mvua isiyokoma anausikia kwa masikio mengine.

Kwa hiyo chukueni "Endless Rain", kwani masharti ya kukataa Kiingereza mmejiwekea wenyewe. Ila msiiguse "Art of Life" ya bendi hiyohiyo. Ina dakika 29, na onyesho lenu lote ni nusu saa.

Mpiga Besi wa Nzuguni amejibu:

Mzee, nakushukuru sana. Jana usiku niliusikiliza "Kaze wo Atsumete" mara sita mfululizo, na besi yake imeninyima usingizi, kwa sababu inatembea kama mtu wa pili mwenye hadithi yake. Dada, piano hatuna, na mjomba akisikia "Kurenai" atatufukuza. Lakini bado nimekwama kwenye maneno. Nimejaribu kuvuta irabu kama alivyoelekeza Mzee, na sasa Kiswahili changu kinasikika kama cha mtu aliyelewa.

Mwalimu wa Kwaya, Kongwa amejibu:

Umekwama, ndugu yangu, kwa sababu umevuta irabu isiyotakiwa kuvutwa. Nimefundisha kwaya kwa miaka mingi, na kosa hili nimelikuta hata katika nyimbo za vitabuni zilizotafsiriwa na watu wenye nia njema: pigo zito la muziki linaangukia silabi ya kwanza ya neno la Kiswahili, wakati mkazo wetu uko katika silabi ya pili kutoka mwisho. Msikilizaji anasikia neno ambalo siyo. Chukua "barabara". Ukikaza panapostahili, ni njia ya magari, na ukisogeza mkazo nyuma kwa silabi moja, umesema "sawasawa kabisa". Wajapani wana tatizo linalofanana na hilo, ingawa kwao ni kupanda na kushuka kwa sauti: "ame" inayoanzia juu ni mvua, na inayoanzia chini ni peremende.

Mpiga solo wenu anaimba Kijapani vizuri kwa sababu iliyo wazi. Lugha hiyo ina irabu tano zilezile za kwetu, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu kama zetu. Hata ile "n" yao inayosimama peke yake na kuhesabiwa pigo zima, kama katika "ringo", yaani tufaha, sisi tunayo katika "nchi", na "m" ya "mtu" pia hufanya kazi hiyo. Mtoto wa Kongwa hahitaji kufundishwa kuipa "m" nafasi yake, ilhali Mwingereza atahangaika nayo wiki nzima. Kama umewahi kutunga shairi la mizani nane kwa nane, basi kuhesabu unakujua tayari.

Ndiyo maana mimi ningewapeleka kwa The Blue Hearts kabla ya Happy End. Hawa walianza mwaka 1985, na waimbaji wengine walipokuwa wakihangaika kuufanya ulimi wao uwe wa kigeni, Hiroto Komoto aliimba kila silabi wazi, moja kwa kila pigo, kama mtoto anayesoma kwa sauti mbele ya darasa. "Linda Linda" ya mwaka 1987 inaanza polepole, sauti karibu iko peke yake, na mwimbaji anasema kwamba angetamani kuwa mzuri kama panya wa mtaroni, kwa maana upo uzuri usioonekana kwenye picha. Halafu drams zinaingia na kila mtu anaruka. Kiitikio ni neno hilohilo, linda, linda, linda, na hapo hamna cha kutafsiri, ingawa mjiandae: wasikilizaji wa Dodoma watadhani mmetunga wimbo wa walinzi wa usiku.

Wa pili wao ni "Train-Train" wa mwaka 1988. Niliusikiliza hivi karibuni ndani ya treni ya SGR nikitoka Morogoro, kwa makusudi kabisa, na nakiri kwamba wimbo uliniishia tukiwa bado hatujafika mbali, nikaurudia hadi betri ya simu ikakata. Lakini ule ambao ningependa kuusikia kwa Kiswahili ni "Aozora", yaani anga la buluu, kutoka katika albamu hiyohiyo. Unauliza mtu anaweza kujua nini juu yangu kwa kutazama tu mahali nilipozaliwa au rangi ya ngozi na macho yangu. Chukua wazo hilo, hesabu silabi za kila mstari wa Kijapani, kisha tunga mstari wa Kiswahili wenye hesabu hiyohiyo na mkazo wa kila neno ukae juu ya pigo zito. Usianze na "ninakupenda". Anza na "nakupenda", na ona jinsi "pe" inavyotafuta pigo yenyewe.

Jambo moja la kiutawala: kuimba mazoezini hakuna anayewafuatilia, lakini tafsiri mtakayoirekodi na kuisambaza inahitaji ruhusa ya mwenye wimbo, kwa hiyo waulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mapema.

Mjukuu wa Mpiga Zeze, Chamwino amejibu:

Nimesoma yote haya nikingoja mtu autaje "Shima Uta", na hakuna aliyeutaja. Jina lake maana yake ni wimbo wa kisiwa, ni wa bendi ya The Boom, na ulienea Japani nzima mwaka 1993. Mtunzi wake, Kazufumi Miyazawa, si mtu wa Okinawa. Alitoka Yamanashi, bara kabisa, akaenda Okinawa na kutembelea makumbusho ya Himeyuri, yanayowakumbuka wanafunzi wa kike na walimu wao waliopelekwa kuhudumia majeruhi katika vita vya mwaka 1945 na wengi wao wakafa. Wimbo alioutoa humo ukiusikia juujuu ni wa wapenzi wawili walioachana katika shamba la miwa, lakini anayejua ile miwa ilificha nini hawezi kuucheza tena kwa wepesi.

Ninawaomba wapiga magitaa watazame jinsi ulivyojengwa. Sehemu kubwa inafuata ngazi ya sauti ya Okinawa, ambayo ina sauti tano: do, mi, fa, so, si. Panapofika maneno ya kuagana chini ya miwa, ngazi hiyo inaachwa na kuingia ngazi ya kawaida ya kizungu, na Miyazawa ameeleza kwamba alifanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu watu waliojificha mapangoni chini ya miwa hiyo walijiua kwa kusukumwa na utawala wa bara, na hakuona haki kuisimulia dhambi ile kwa sauti za Okinawa. Dada wa Makole anasema lugha haina uzito. Hapa hata ngazi ya sauti ina uzito.

Sisi Wagogo jambo hili linatugusa kwa namna ya pekee. Ngazi ya zeze na ilimba, ile ala yetu ya vijiti vya chuma vinavyodonolewa kwa vidole gumba, hailingani na vyuma vya shingoni mwa gitaa, kwa kuwa inatokana na sauti za asili za uzi wenyewe, na mojawapo iko chini kidogo kuliko ile ambayo gitaa linaweza kuitoa. Mkipiga nyimbo zetu kwa gitaa lililotuniwa kwa mashine, wazee wanasikia kwamba mmekosea ingawa hawatawaambia. Sanshin ya Okinawa ina nyuzi tatu, ngozi ya chatu, na shingo isiyo na vyuma, kama zeze lisivyo navyo, tofauti ikiwa kwamba yenyewe hudonolewa na zeze hupigwa kwa upinde. The Boom waliiweka sanshin hiyo katikati ya drams na magitaa ya umeme, nayo haikumezwa. Wajapani nao waliwahi kutusikiliza sisi: kampuni ya JVC ilitoa rekodi za marehemu Hukwe Zawose, mpiga zeze na ilimba mzaliwa wa hukuhuku kwetu.

Kwa hiyo ushauri wangu unatofautiana kidogo na wa Mwalimu. "Shima Uta" msiutafsiri, na ikiwezekana msiuimbe kabisa, kwa sababu msiba ule si wenu. Mwacheni mpiga zeze aushike mwanzo wake peke yake, bila maneno, kisha bendi iingie na wimbo wenu wenyewe. Nina binamu anayepiga zeze na yuko radhi kuja Nzuguni mkimlipia nauli.

Mpiga Besi wa Nzuguni amejibu:

Nimewasoma wote mara mbili. Jumamosi tulijaribu kama alivyoelekeza Mwalimu. Tulihesabu silabi za beti la kwanza la "Aozora" kwa vidole, tukabishana kama "n" ihesabiwe au la, na hadi saa kumi na moja jioni tulikuwa na mistari minne ya Kiswahili inayoimbika bila kulewa. Mstari wa tatu bado una "kwa sababu" inayochechemea, nadhani nitaiondoa na kuweka "maana". "Linda Linda" tumeupitisha kwa kura zote nne. Binamu wa Chamwino aje, nauli tutachanga. Dada wa Makole, kama una kinanda cha kuazima, tutavunja sharti letu kwa ajili ya "Endless Rain" pekee.

Mzee, ile kaseti ya mwalimu wako bado unayo?

Mzee wa Santuri, Area C amejibu:

Kaseti ipo, ndani ya bati la biskuti, na upande wa pili una "Ameagari no Yozora ni" ya RC Succession, wa mwaka 1980, unaohusu gari lililogoma kuwaka baada ya mvua, ingawa watu wazima wanajua si gari linalozungumziwa. Redio ya kuichezea ndiyo sina, iliyokuwapo ililiwa na mchwa. Tafuteni redio, na mkija leteni na penseli ya kurudishia mkanda.